Batri ya pompe ya kikundi: tuichaji kwa njia gani?

Hapa Kibumba mvua na ukungu vikifuatana, milidiu haingoji mtu. Kikundi kilichochanga franka kwa franka kununua pompe ya umeme kinataka kupulizia dawa siku hiyo hiyo. Pompe ikigoma kwa sababu batri imekufa, hasara si ya batri peke yake: ni viazi, tena ni minervali ya watoto.

Batri ya pompe nyingi ni ya risasi, ya volti 12 na ampea-saa 8. Tuangalie njia tatu za kuichaji.

Umeme wa nyumba. Ni njia nzuri kama unatumia chaja iliyokuja na pompe. Ukiipeleka kwa mtu anayechaji batri za magari, uliza kwanza chaja yake inatoa ampea ngapi. Kwa batri hii ndogo zisipite 2. Chaja ya gari inaweza kutoa 10 au zaidi, na hiyo inaipasha batri moto na kuiua.

Jua. Pano ya wati 20 hutoa kama ampea 1 jua likiwa kali. Batri iliyobaki nusu inahitaji saa nne au tano za jua zuri. Kwa ukungu wetu, hesabu siku mbili. Usiunge pano moja kwa moja kwenye batri: pano inaweza kufika volti 20, na batri inataka kama 14 na nusu. Katikati weka kile kisanduku kiitwacho regilateri.

Jenereta. Chaja ndogo inataka saa nyingi, na saa zote hizo unachoma mafuta. Iwe njia ya shida tu, na jenereta ikae nje, kwa maana moshi wake unaua watu usingizini.

Kwa kikundi cha shambani, ninashauri pano pamoja na regilateri, na chaja ya pompe itunzwe kwa majuma yasiyo na jua.

Njia yoyote mnayochagua, shikeni haya:

- Chaji siku ile ile mliyopulizia. Batri ya risasi ikilala tupu inaharibika.
- Msimu ukiisha, ichajini mara moja kwa mwezi.
- Usichaji karibu na mbabula wala chumba cha kulala. Batri inapochaji inaweza kutoa hewa inayolipuka.
- Batri ya litiamu ichajiwe kwa chaja yake tu.

Kanuni hizi zinafaa hata kwa batri ya risasi ya trakta ndogo ya bustani. Ampea za chaja ndizo zinaongezeka kufuatana na ukubwa wa batri.

Mwisho, chagueni mama mmoja wa kuandika katika daftari: batri imechajiwa lini, na nani aliichukua. Kitu cha wote kisipokuwa na mlinzi, kinakufa mbele ya macho ya wote.