Mbio Kwanza, Matembezi Baadaye: Familia Safarini katika Miji Mikuu ya Jirani



Wazee wetu wa Pwani walifunga safari kwa ajili ya biashara, elimu au kuwatazama jamaa. Siku hizi imeongezeka sababu nyingine, ambayo huenda wao wasingeidhania: mbio. Kila mwaka miji mikuu iliyo jirani nasi, yaani Nairobi, Kampala, Kigali na Addis Ababa, hufunga baadhi ya barabara zake asubuhi moja ya Jumapili na kuwaachia watu waende kwa miguu. Wamo mabingwa wanaotafuta zawadi, lakini walio wengi ni watu kama sisi: walimu, wauguzi, wafanyabiashara, na akina mama ambao hawakuwahi kuvaa namba kifuani maishani mwao.

Familia zinazopenda jambo hili huunganisha mambo mawili kwa nauli moja. Huenda kukimbia, kisha hubaki siku mbili tatu kuutazama mji. Sisi twaliona jambo hili kuwa la kheri, kwa afya na kwa maarifa. Lakini kheri yake yategemea mpangilio. Safari isipopangwa vyema, mama hurudi nyumbani akiwa amechoka mara mbili: kwa mbio alizokimbia, na kwa mizigo, vyakula na watoto aliowahangaikia njia nzima.

Mbio si ngeni kwetu

Wapo wanaouliza kama yafaa mwanamke Mwislamu kukimbia. Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Abu Daud yaeleza kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe, Bi Aisha (R.A.), wakiwa safarini. Mara ya kwanza alitangulia Bi Aisha. Mara nyingine, mwili wake ulipokuwa umeongezeka, alitangulia Mtume. Tuangalie namna mambo matatu yalivyokutana hapo: safari, mbio na mapenzi ya mke na mume. Masharti ya stara na adabu yapo, na masuala ya mahram twawaachia masheikh wetu. Ndiyo maana twapendekeza safari ya familia nzima.

Na kwa mabinti zetu, mfano wa zama hizi upo. Tarehe 11 Agosti 2024, Sifan Hassan, mzaliwa wa Ethiopia anayeiwakilisha Uholanzi, alishinda marathoni ya wanawake katika Michezo ya Olimpiki ya Paris kwa saa 2, dakika 22 na sekunde 55, rekodi mpya ya Olimpiki. Alipopanda jukwaani kuvishwa dhahabu yake, alikuwa amejitanda hijabu.

Marathoni kamili ni kilomita 42 na mita 195, nayo si ya kuanzia. Aghalabu huandaliwa pia nusu marathoni, yaani kilomita 21 na ushei, pamoja na mbio fupi za kilomita 10 au pungufu. Kwa familia iendayo mara ya kwanza, mama na baba wakimbie kilomita 10, na watoto wakubwa waingie katika mbio fupi zaidi. Mwenda pole hajikwai.

Tofauti ya pwani na bara

Jambo ambalo sisi watu wa Pwani hatuna budi kulizingatia ni mwinuko. Tumezaliwa usawa wa bahari, ilhali Kampala iko kiasi cha mita 1,200 juu yake, Kigali kiasi cha mita 1,500, Nairobi karibu mita 1,800, na Addis Ababa zaidi ya mita 2,300. Huko juu hewa ni nyepesi, kila pumzi huingiza oksijeni pungufu, na moyo hulazimika kupiga kwa kasi zaidi kufanya kazi ile ile. Mtu anayekimbia kwa raha pale Mama Ngina hushangaa kuhema katika kilima kidogo cha Nairobi.

Dawa yake ni kupunguza mwendo tangu hatua ya kwanza. Kipimo rahisi ni ulimi: ukiweza kuzungumza sentensi kamili na mwenzako, mwendo wako ni salama, ukikatika katikati ya neno, tembea kwanza. Faraja ni kwamba mwili uliozoea joto na unyevu wa Mombasa hupata nafuu kubwa katika ubaridi wa bara. Mwenye shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa moyo au ujauzito asianze mazoezi kabla ya kumwona daktari.

Mazoezi ya nusu marathoni yataka miezi mitatu hadi minne. Wakati mwema kwetu ni baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijapanda, ama ufuoni maji yanapokupwa na mchanga umekaza. Anza kwa kutembea na kukimbia kwa zamu, siku tatu kwa juma, na siku moja uongeze umbali kidogo kidogo. Kwa kuwa bara kuna vilima, tafuta mteremko wowote ulio karibu, uupande na kuushuka.

Mavazi nayo yajaribiwe mapema. Mtandio wa kitambaa chepesi kinachokauka upesi, usiohitaji pini, hufaa kuliko ule wa pamba unaolowa jasho na kuwa mzito. Shati refu la mikono mirefu na suruali pana hutosha stara. Sehemu zinazosuguana zipakwe vaselini. Usivae kitu chochote kipya siku ya mbio, seuze viatu.

Mpangilio wa siku tano

Kanuni yetu ni hii: mbio kwanza, matembezi baadaye. Familia nyingi hufika mjini, zikaanza kuzunguka masoko na majumba ya makumbusho kutwa nzima, kisha asubuhi yake mkimbiaji husimama kwenye mstari miguu ikiwa imekwisha kazi. Kheri kufika Ijumaa. Jumamosi ni ya kuchukua namba, kupumzika na kulala mapema. Jumapili ni mbio, na jioni yake ni kukaa mahali patulivu. Jumatatu ndiyo siku ya kuuona mji, na Jumanne ni kurudi.

Chakula cha Jumamosi kiwe chepesi na cha kawaida: wali, viazi, ndizi, samaki au kuku asiyejaa viungo. Biriani isubiri Jumapili jioni. Asubuhi ya mbio, uji na tende tatu hutosha wengi, na tende chache zikitiwa mfukoni hufaa katikati ya safari. Swala ya alfajiri iswaliwe kabla ya kutoka, na kwa kuwa mbio huanza mapema, adhuhuri humkuta mkimbiaji amekwisha kuoga na kupumzika. Kuhusu kupunguza na kukusanya swala safarini, muulizeni sheikh wenu kabla ya kuondoka.

Nairobi, Kampala na Kigali

Nairobi ndiyo hatua ya kwanza iliyo nyepesi. Hakuna mpaka wa kuvuka, na treni kutoka Miritini hufika Syokimau kwa muda wa kiasi cha saa sita, watoto wakitazama mbuga ya Tsavo madirishani. Marathoni kubwa ya jiji hilo, iliyoanzishwa mwaka 2003, kwa kawaida huwa mwezi wa Oktoba. Baada ya mbio, wapelekeni watoto Msikiti wa Jamia, uliokamilika mwaka 1933, na Makumbusho ya Taifa, ambayo ni maskani ya mifupa ya mvulana wa Turkana. Mabaki hayo ya kale yalivumbuliwa mwaka 1984 na Kamoya Kimeu, Mkenya mwenzetu.

Kampala hukimbiwa aghalabu mwezi wa Novemba, wakati watoto wetu wako likizoni. Mji wenyewe ni vilima, na juu ya kilima cha Old Kampala umesimama Msikiti wa Taifa wa Uganda, uliojengwa kwa msaada wa Libya. Mgeni huruhusiwa kupanda mnara wake na kuuona mji wote chini yake. Lakini ngazi zake ni zaidi ya 300. Anayezipanda siku moja kabla ya mbio hujichosha, na anayezipanda siku moja baada yake atashuka akishikilia ukuta. Mwachieni baba na watoto waupande, na aliyekimbia abaki chini katika kivuli cha msikiti. Makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi nayo yastahili kuzuriwa. Yaliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, yakaungua mwaka 2010, kisha yakajengwa upya kwa ustadi wa mafundi wa jadi.

Kigali twaipa nafasi ya pekee. Marathoni yake ya amani ilianzishwa mwaka 2005, nayo hukimbiwa mwezi wa Mei au Juni. Amani hapo si neno la kupamba jina. Katika kumbukumbu ya Gisozi, iliyofunguliwa mwaka 2004, wamezikwa zaidi ya watu 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Mahali hapo pasizuriwe kwa haraka wala kwa viatu vya mbio. Pangeni nusu siku ya Jumatatu, vaeni kwa heshima, na mzungumze na vijana wenu kabla na baada. Watoto wadogo wabaki na mzazi mmoja nje, kwa maana chumba cha picha za watoto waliouawa ni kizito hata kwa mtu mzima.

Kisha nendeni Nyamirambo, mtaa wa Waislamu, ambao chimbuko lake lahusiana na wafanyabiashara Waswahili waliofika zamani. Mgeni kutoka Mombasa husikia salamu anazozijua na kuona misikiti karibu karibu; chapati, maharagwe na mishikaki ya mbuzi humfanya ajihisi kwao. Zimehifadhiwa simulizi za Waislamu wa Rwanda waliowaficha majirani zao wakati wa mauaji yale, bila kuuliza dini wala kabila. Hapo pia pana kituo cha akina mama kilichoanzishwa mwaka 2007, ambacho huwafundisha wanawake ushonaji na kuwatembeza wageni mtaani. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, basi msione haya kukitumia.

Yapo mambo madogo ya kukumbuka. Saa ya Kigali iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Magari huenda upande wa kulia, hivyo wafundisheni watoto kutazama kushoto kwanza kabla ya kuvuka. Mifuko ya plastiki ni marufuku, iacheni nyumbani. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi asubuhi wananchi hufanya kazi ya pamoja iitwayo umuganda, na shughuli nyingi husimama. Msiweke miadi saa hizo.

Kuhusu hati, Mkenya mwenye kitambulisho cha taifa ameruhusiwa kuitumia kadi hiyo kuingia Uganda na Rwanda tangu mwaka 2014. Mtoto asiye na kitambulisho ahitaji hati yake ya safari, na hilo liulizwe katika idara ya uhamiaji mapema. Uganda hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Nani atabeba mzigo?

Sasa tufike penye kiini cha mambo. Katika nyumba zetu nyingi, mama ndiye anayepima sukari ya bibi, anayempeleka mtoto kliniki na anayemkumbusha baba dawa ya shinikizo. Afya yake mwenyewe huja mwisho, ikibaki nafasi. Mbio zaweza kumrudishia nafasi hiyo, lakini si kwa kumwongezea kazi. Ikiwa ataamka saa tisa usiku kufunga chakula cha watu sita kabla ya kwenda mstarini, tutakuwa tumempa medali kwa mkono mmoja na mzigo kwa mkono wa pili.

Basi gawaneni kabla ya safari. Miezi ile ya mazoezi, baba au kijana mkubwa ashike nyumba asubuhi tatu kwa juma, atie chai na awaandae watoto wa shule. Huko safarini, mzazi anayekimbia asibebe mkoba wala mtoto tangu Jumamosi jioni hadi Jumapili adhuhuri. Wote wawili wakitaka kukimbia, mmoja achague mbio za mwaka huu, na mwingine za mwaka ujao, ama watafute shangazi au nyanya wa kufuatana nao. Gharama nazo ziwekwe kidogo kidogo katika chama cha familia kuanzia sasa, isije furaha ya siku tano ikawa deni la mwaka.

Watoto watakapomwona mama yao akiukata mstari wa mwisho, hata akiwa miongoni mwa wa nyuma kabisa, watajifunza kwamba naye ana mwili wa kutunzwa na dunia ya kuitazama. Na baba aliyesimama kando ya barabara, mtoto begani na chupa ya maji mkononi, naye atakuwa ametimiza sehemu yake ya mbio.

Mwenyezi Mungu azijaalie familia zetu afya, na awarudishe salama wote waendao safarini. Wabillahi tawfiq.