Miti Isiyosubiri Mvua

Mwishoni mwa Septemba vilima vya nyuma ya mji wa Kigoma huwa vimekauka, nyasi zimeungua, na mvua bado hazijaanza. Ndipo miombo huchipua. Majani machanga hutoka na wekundu wa shaba, laini, yakining'inia, kisha hugeuka kijani. Mgeni akiyaona kwa mbali hudhani huko juu mvua imenyesha, kumbe hata tone halijaanguka.

Jambo hili sasa linajulikana vizuri: miti mingi ya miombo huvaa majani kabla ya mvua, kwa maji iliyoyaweka akiba ndani ya shina na yale ambayo mizizi huyafuata chini sana ardhini. Halikujulikana kwa siku moja. Watafiti wamepita njia zile zile za msituni mwezi baada ya mwezi, kwenye miti iliyotiwa alama, wakiandika jani, ua na tunda. Baadaye picha za setilaiti zilionyesha ukijani huo ukitanda juu ya maeneo makubwa kabla ya mawingu kufika. Nini hasa huuambia mti kwamba wakati umewadia? Hilo bado linachunguzwa. Joto linalopanda baada ya Agosti linatajwa sana. Urefu wa mchana pia, ingawa kwetu, karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, mchana hautofautiani hata saa moja mwaka mzima.

Kwa mama mwenye kiwanja Ujiji, maana yake ni kubwa. Anaweza kuchagua miti ili kiwanja kisibaki kitupu hata mwezi mmoja, na kiangazi ndicho cha kukipangia kwanza. Mwamba-ngoma huwaka maua mekundu kwenye matawi makavu yasiyo na jani. Mninga, ambao wengi tunaujua kama mbao tu, hutoa maua ya njano karibu na mwanzo wa mvua, nyuki wakiujaa. Mkrismasi hufuata kuelekea Desemba, lakini upandwe mbali na ukuta, maana mizizi yake hutambaa juu juu. Mchikichi hauna msimu wa kupukutika. Ni kijani siku zote, na mawese yake tunayajua.

Mwembe una somo lake. Baridi ya usiku na ukame wa katikati ya mwaka ndivyo huuamsha kutoa maua. Anayeumwagilia sana mwembe mkubwa mwezi Juni kwa huruma huenda akavuna majani badala ya maembe. Mche mchanga ni habari nyingine: huo upewe maji kiangazi chake cha kwanza na cha pili, hata ukiwa wa aina inayovumilia ukame, kwa kuwa mizizi yake bado haijafika kwenye maji ya chini.

Kwenye mwalo wa Kibirizi au Katonga, mvuvi anayeshona nyavu anahitaji kivuli Septemba, wakati jua ni kali, na dagaa kwenye vichanja wanalitaka jua hilo hilo. Kwa hiyo mti wenye majani mwezi huo upandwe pale ambapo kivuli chake hakitaangukia vichanja.

Naomba pia tusichague kwa uzuri wa maua peke yake. Mahale, kusini kwetu kando ya ziwa, mti mmoja wa jamii ya mjohoro, asili yake Amerika ya kitropiki, ulipandwa vijijini kabla ya hifadhi kutangazwa mwaka 1985. Maua yake ya njano yanapendeza kweli. Watu walipohama, mti huo ukabaki, ukaenea na kuisonga miti ya asili. Watafiti walijaribu kukata baadhi ya miti hiyo migeni na mingine kuibandua magome, na miche ya miti ya asili ikaanza kurudi. Kazi hiyo ni ngumu na ya miaka.

Mwanafunzi wa Kasulu naye asiichukue kalenda ya Ujiji kama ilivyo, kwa kuwa huko ni juu zaidi na baridi ni nyingi zaidi. Achague miti michache karibu na shule, aifunge kitambaa, na kila Ijumaa aandike daftarini: majani, maua, matunda. Baada ya misimu miwili au mitatu ya mvua, shule itakuwa na kalenda yake ya kuwaonyesha wazazi kabla hawajaenda kununua miche.