Safu Zilizopotea: Tujifunze Kupanga Nyaraka kwa Kompyuta

Wengi miongoni mwetu tunaoandika kwa kompyuta hatukufundishwa na mtu. Tulikaa mbele ya mashine, tukaona vibonye vimepangwa kama vile vya mashine ya taipu, tukaanza kugonga. Barua ikatoka, ripoti ikatoka, nasi tukajihesabu kuwa tumehitimu. Mimi nami nilikuwa katika kundi hilo kwa miaka mingi, na lau si mkasa uliotupata katika chama chetu kidogo cha kuweka na kukopa hapa Kampala, huenda ningalikuwa ndani yake hata leo.

Nilikuwa katibu wa chama hicho. Kila mwisho wa mwaka kazi yangu ilikuwa kuandika ripoti, na ndani ya ripoti ilikuwamo orodha ya wanachama wote: nambari, jina, akiba ya mwanzo wa mwaka, michango, na mwishoni kabisa jumla ya akiba ya kila mmoja. Hesabu zenyewe zilitoka katika daftari la mtunza hazina wetu, mama mtu mzima ambaye sote twamwita Jjajja, yaani bibi, kama ilivyo desturi ya kuwaita wazee hapa kwetu.

Orodha hiyo niliiandika kwa namna niliyoijua tangu enzi za taipu. Niliandika jina, nikabonyeza kibonye kirefu cha nafasi mara 10 au mara 15, mpaka kishale kikafika chini ya tarakimu za mstari wa juu, ndipo nikaandika fedha. Katika kioo cha kompyuta yangu safu zilisimama wima kama askari katika gwaride. Nikalichukua faili hilo mpaka Nasser Road, mtaa wa Kampala unaojulikana mno kwa maduka yake ya uchapaji, nikatolewa nakala 40, nami nikazigawa mkutanoni bila kuzitazama mara ya pili.

Tulikutana Jumapili, chini ya mfenesi ulio nyuma ya nyumba ya mwenyekiti. Tulipofikia hesabu, mwanachama mmoja alitoa simu yake, akajumlisha safu ya mwisho. Jumla aliyoipata haikufika ile iliyochapwa chini ya orodha. Akarudia, haikufika. Wengine nao wakatoa simu zao. Kisha ikasikika sauti kutoka nyuma ikiuliza: mbona majina mengine hayana fedha? Naam, wanachama 11 hawakuwa na kitu chochote katika safu ile ya mwisho. Macho ya watu wote yakamgeukia Jjajja. Hakuna aliyelitamka neno la wizi, lakini kimya kilichofuata kililitamka waziwazi.

Jjajja hakujibu kitu. Alifungua daftari lake, ambalo kila ukurasa ameupiga mistari kwa rula na kalamu ya wino, akasoma jina moja baada ya jingine na fedha zake. Zote zilikuwapo, hata shilingi ya mwisho. Alipomaliza alivua miwani, akanitazama mimi, wala si wao. "Katibu, mwanangu," akasema, "mbona wewe hukupiga mistari?"

Siku ya pili nilirudi dukani nikiwa na hasira, kwa kuwa niliamini kwamba wao ndio walioniharibia kazi. Kijana aliyenihudumia alinisikiliza mpaka nikaishiwa na maneno. Kisha akalifungua faili langu katika programu ya Microsoft Word, akabonyeza kwa pamoja vibonye vya Ctrl, Shift na tarakimu 8. Mara kioo kizima kikajaa alama ambazo sikuwahi kuziona. Palikuwa na nukta ndogo ndogo katikati ya maneno, mamia kwa mamia, zimetapakaa kama mchwa baada ya mvua. Na mwisho wa kila mstari palikuwa na alama mfano wa herufi P iliyogeuzwa kinyume.

"Mzee," akaniambia, "kila nukta hapa ni nafasi moja uliyoigonga. Kompyuta haijui kwamba hii ni safu. Inachojua ni kwamba umegonga nafasi mara 14, basi."

Maneno hayo ndiyo somo zima, nami naona ni vema tuyafafanue, kwa kuwa watu wengi, wakiwamo makarani wenye vyeti, hawajayasikia.

Mashine ya taipu iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Remington huko Marekani mwaka 1874, pamoja na nyingi zilizoifuata, iliipa kila herufi upana mmoja. Herufi i ilichukua nafasi sawasawa na herufi m. Katika inchi moja zilienea herufi 10, au 12 kwa mashine za herufi ndogo. Kwa sababu hiyo mpiga taipu hodari aliweza kupanga safu kwa kuhesabu nafasi tu, na safu zikanyooka bila kasoro. Wala hakuwa na herufi nzito za kutilia mkazo. Alipiga mstari chini ya neno au akaandika kwa herufi kubwa. Hizo zote zilikuwa hila za halali, kwani karatasi ndiyo iliyokuwa waraka wenyewe. Wino ukikwisha kukauka, hakuna kitakachosogea tena.

Kompyuta si hivyo. Katika fonti nyingi tunazozitumia, kama vile Times New Roman, ambayo asili yake ni gazeti la The Times la London lililoanza kuitumia mwaka 1932, herufi m ni pana na herufi i ni nyembamba. Nafasi nazo zina upana wake. Safu iliyopangwa kwa nafasi huwa imesimama kwa bahati, na bahati hiyo hudumu maadamu fonti ni ile ile, ukubwa ni ule ule na pambizo ni zile zile. Fonti niliyoitumia nyumbani haikuwamo katika mashine ya pale dukani. Mashine ikaazima nyingine iliyokuwa pana kidogo. Mistari yenye majina mafupi ikastahimili. Ile 11 yenye majina marefu ikafika ukingoni, na fedha za mwisho zikasukumwa kushuka mstari wa chini, upande wa kushoto, mahali ambapo hakuna mtu aliyefikiri kuzitafuta. Fedha hazikupotea. Zilihama tu.

Dawa yake ni ile aliyoijua Jjajja: jedwali. Ukiiagiza programu ikupe jedwali lenye safu tano, kila tarakimu hukaa ndani ya chumba chake. Jina likirefuka, chumba huongezeka kimo, lakini tarakimu ya jirani haitoki mahali pake. Na asiyetaka mistari ionekane huweza kuificha, vyumba vikabaki. Kwa orodha fupi chaweza kutosha kibonye cha Tab, ambacho mimi hukiita "tabu", maana asiyekipangia vituo vyake juu ya rula ya programu humletea tabu tupu.

Yule kijana hakuniachilia hapo. Alinionyesha kwamba vichwa vyote vya ripoti yangu nilivipaka rangi tu: kila kimoja nilikichagua, nikakikuza, nikakifanya kizito, kisha nikakiweka katikati, tena pengine kwa kugonga nafasi! Kwa jicho la binadamu hivyo ni vichwa. Kwa kompyuta ni maneno ya kawaida yaliyovaa nguo nzuri. Ndiyo sababu ukurasa wa yaliyomo nilikuwa nikiuandika kwa mkono, nikifunua na kuhesabu, na aya moja ikiongezwa kazi yote inaanza upya.

Jambo linalotakiwa ni kuiambia programu kila kipande cha waraka ni nini: hiki ni kichwa kikuu, hiki ni kichwa kidogo, hii ni aya ya kawaida, haya ni maneno yaliyonukuliwa. Huko ndiko kutumia mitindo. Katika Word, weka kishale katika kichwa, ubonyeze Ctrl, Alt na tarakimu 1; katika LibreOffice, programu isiyolipiwa, ni Ctrl na 1. Ukikwisha kufanya hivyo kwa vichwa vyote, programu yaweza kukuandalia yaliyomo yenyewe, pamoja na nambari za kurasa. Kurasa zikibadilika, unaiagiza isahihishe, nayo husahihisha.

Nikiri kwamba mwanzoni niliona haya kuwa ni madaha ya vijana. Barua ya ukurasa mmoja kweli haihitaji mambo hayo yote. Lakini ripoti ya kurasa 20, tasnifu ya mwanafunzi, katiba ya chama, au waraka wowote utakaopita mikononi mwa watu wawili watatu kabla ya kuchapwa, hauna usalama bila hayo. Na wenye mazoea ya kugonga Enta mara 9 ili kichwa kianze ukurasa mpya wajue kwamba mtu akifuta mistari mitatu kule juu, kichwa hicho kitapanda kikaning'inia chini ya ukurasa uliotangulia. Ctrl na Enta, mara moja tu, hukata ukurasa, na hapo ndipo utakapokatika daima.

Huenda sehemu ya lawama ni ya waliozitengeneza programu hizi. Mwaka 1974, katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, Butler Lampson, Charles Simonyi na wenzao walitengeneza programu iliyoitwa Bravo, ambayo ilionyesha katika kioo ukurasa kama utakavyotoka katika karatasi. Simonyi baadaye alijiunga na Microsoft, na Word ikatolewa mwaka 1983. Lilikuwa jambo la ajabu, tena la manufaa makubwa. Hata hivyo limetuzoesha kuyaamini macho yetu kupita kiasi. Twaona safu zimenyooka, twadhani ni safu.

Liko jambo jingine linalotuhusu sisi tunaoandika Kiswahili. Mtu huandika ukurasa mzima wa Kiswahili sanifu, na kompyuta huupigia mistari myekundu chini ya karibu kila neno. Wengine hukata tamaa, wengine huizima huduma hiyo kabisa. Ukweli ni kwamba lugha nayo ni sehemu ya mpango wa waraka: programu imeambiwa kuwa maneno hayo ni ya Kiingereza, nayo yayahukumu kama Kiingereza. Chagua matini yako, iambie kuwa ni Kiswahili, na penye msamiati wa lugha yetu mistari itabaki chini ya makosa ya kweli. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwisha kutufungulia njia mwaka 2004, pale mradi wa Kilinux ulipotoa Jambo OpenOffice, ambamo menyu na maelezo yake yalikuwa kwa Kiswahili. Hapa Uganda, ambapo mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, ingefaa mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa kompyuta wakae meza moja japo kwa kipindi kimoja.

Ripoti ya mwaka uliofuata niliiandika upya tangu mwanzo: vichwa kwa mitindo, orodha ndani ya jedwali. Kabla ya kuipeleka Nasser Road nilikwenda na kompyuta nyumbani kwa Jjajja. Aliweka daftari lake pembeni, akashika rula, akawa anaiteremsha juu ya kioo mstari kwa mstari, akilinganisha. Ilituchukua mchana mzima.

"Ziko sawa," akasema mwishoni. "Ila herufi ni ndogo. Sisi wazee tutasoma na nani?"

Zilikuwa za pointi 11. Nilifungua mtindo wa aya ya kawaida, ambao jedwali nalo liliufuata, nikabadilisha tarakimu moja kuwa 14, na kurasa zote zikatii papo hapo. Jjajja akashusha tena rula yake mpaka kwenye majina yale 11, akayahesabu mara ya pili, kisha akaniomba kalamu atie sahihi katika daftari.