Regulata Yako, Spea Zao

Mpiga mbizi wa Sydney anaona regulata anayoitaka kwenye duka la mtandaoni la Florida. Hata akijumlisha gharama ya kusafirishiwa, bei bado iko chini ya ile ya dukani mtaani kwake. Anaandika anwani, anabonyeza kulipa, na hapo unatokea ujumbe: kwa masharti ya mtengenezaji, bidhaa hii haiuzwi nje ya Marekani. Forodha haijamkatalia, na hakuna sheria ya Australia inayomzuia. Aliyemfungia mlango ni kampuni iliyotengeneza kifaa chenyewe.

Ujumbe wa namna hii umewaudhi wapiga mbizi wengi, na wengi wao hawakukubali yaishe. Wapo walioazima anwani za ndugu Marekani, wapo waliotumia mawakala wa kusafirisha mizigo, na wapo waliohama chapa kabisa. Watengenezaji kwa upande wao wana jibu ambalo hawajalibadilisha kwa zaidi ya nusu karne: hiki ni kifaa cha kuokoa maisha, hakiwezi kuuzwa kama viatu. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Swali ni kama ukweli huo unamlinda mnunuzi au unailinda bei.

Hoja ya usalama

Tangu Jacques-Yves Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walipounda Aqua-Lung, kifaa cha kupumulia chini ya maji, nchini Ufaransa mwaka 1943, regulata ndiyo moyo wa mbizi. Mtungi hujazwa hewa kwa shinikizo la karibu mara 200 ya hewa tunayovuta kila siku, na hakuna pafu linaloweza kuhimili hewa ya nguvu hiyo. Regulata huipunguza kwa hatua mbili: kichwa kinachofungwa kwenye mtungi huiteremsha kwanza, kisha kipande cha mdomoni humpa mpiga mbizi kiasi anachovuta, kulingana na kina alipo. Akiwa mita 30 chini, shinikizo linalomkandamiza ni mara nne ya lile la juu ya maji. Kifaa kikigoma hapo, hakuna pa kusimama kando ukakikagua.

Ndiyo maana baadhi ya kampuni ziliamua mapema nani auze. Wakati vifaa vya mbizi vilipokuwa vikiuzwa Marekani hata kwenye maduka ya michezo na kwa katalogi za posta, Scubapro, iliyoanzishwa mwaka 1963 na Gustav Dalla Valle na Dick Bonin, ilishika njia nyingine. Ilitaka bidhaa zake ziuzwe na maduka ya mbizi pekee, yenye watu wanaojua kufundisha, kupima na kutengeneza. Maduka yakaipenda sera hiyo, kwa sababu iliyakinga na ushindani wa wauza vitu vyote. Chapa nyingine kubwa zikajenga mitandao yao ya mawakala kwa mtindo unaofanana.

Duka la mbizi linastahili kusikilizwa. Hapo ndipo kompresa ya kujaza mitungi ilipo, na hapo ndipo mwanafunzi anapojifunza kupumua chini ya maji kwa mara ya kwanza. Faida ya kujaza hewa ni ndogo. Kinacholipa kodi ya pango ni vifaa. Mwenye duka anapomtolea mteja miwani kumi azijaribu usoni, kisha mteja akaondoka na kwenda kuagiza mtandaoni ile iliyomkaa vizuri, duka limetoa huduma na mwingine amepokea hela.

Lakini hoja ya usalama ina nyufa zake. Februari 2003, Johnson Outdoors, kampuni inayomiliki Scubapro na Uwatec, ilitangaza kurudishwa kwa kompyuta za mbizi za Aladin Air X Nitrox za matoleo ya kabla ya Februari 1996. Zilikuwa zikikosea hesabu ya naitrojeni iliyobaki mwilini baada ya mbizi, na kumwonyesha mtumiaji kwamba hali yake ni salama kuliko ilivyokuwa. Kosa hilo lilitoka kiwandani, na duka lililoidhinishwa lisingeweza kuliona kwa macho. Muuzaji mwenye cheti ukutani ni mtu wa maana, ila cheti chake hakimgeuzi kuwa kinga ya kila kitu.

Wanunuzi washika njia ya panya

Bei za mawakala zilipokaribiana kila mahali, wanunuzi walitafuta penye upenyo. Wakazuka wauzaji, maarufu zaidi kati yao wakiwa New York, waliokuwa wakipata mzigo orijino wa chapa kubwa bila kuwa mawakala rasmi, na kuuza kwa punguzo kubwa. Huko huitwa soko la kijivu: bidhaa ni halali, njia iliyopita ndiyo isiyopendwa. Watengenezaji wakajibu kwa waranti. Kifaa kisichotoka kwa wakala rasmi hakipati waranti ya kiwanda. Wauzaji wa soko la kijivu nao wakaanza kutoa waranti zao wenyewe.

Sheria ya Marekani imeyumba kati ya pande hizi mbili. Mwaka 1911, katika kesi ya Dr. Miles, Mahakama ya Juu iliharamisha moja kwa moja makubaliano ya mtengenezaji kumpangia muuzaji bei ya chini ya rejareja. Mwaka 1919, katika kesi ya Colgate, ikaacha upenyo: mtengenezaji anaweza kutangaza sera yake na kuacha kumuuzia asiyeifuata, mradi pasiwe na makubaliano. Kisha mwaka 2007, kwa kura tano dhidi ya nne, ikaufuta kabisa msimamo wa 1911. Kesi hiyo, ya kampuni ya Leegin, ilihusu mikoba na mikanda ya Brighton ambayo duka moja la Texas liliiuza kwa punguzo la asilimia 20. Majaji walio wengi walisema kuweka kiwango cha chini cha bei kunaweza kumlinda muuzaji anayetoa huduma dhidi ya yule anayedandia huduma hiyo bure. Ni kilio kilekile cha duka la mbizi na miwani yake kumi. Jimbo la Maryland halikuridhika. Mwaka 2009 lilipitisha sheria ya kurudisha katazo hilo ndani ya mipaka yake.

Australia ilifuata mkondo tofauti. Kule, kumlazimisha muuzaji asishuke chini ya bei fulani ni kosa la kisheria hadi leo. Lakini sheria hiyo haimsaidii mteja ambaye muuzaji wa ng'ambo amekatazwa kumtumia mzigo. Dola ya Australia ilipoipita ya Marekani kwa thamani mwaka 2011, watu waliona wazi kwamba bei za kwao hazikushuka ipasavyo. Mwaka 2013 kamati ya Bunge ilitoa ripoti kuhusu bei za kompyuta na programu, baada ya kuwaita Apple, Microsoft na Adobe wajieleze, ikapendekeza wateja wasaidiwe kuvuka vizuizi vya kijiografia. Wapiga mbizi hawakuwa ndani ya ripoti hiyo, lakini waliutambua ugonjwa.

Ulaya nako, mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2011, katika kesi ya vipodozi vya Pierre Fabre, kwamba mtengenezaji hawezi kwa kawaida kuwakataza kabisa mawakala wake kuuza mtandaoni. Tangu Desemba 2018, duka la Ujerumani haliruhusiwi kumkataa mnunuzi wa Ugiriki kwa sababu tu ya anakoishi, ingawa halilazimiki kumpelekea mzigo hadi mlangoni. Hata hivyo ukuta wa nje umebaki. Tangu kesi ya Silhouette ya mwaka 1998, mwenye chapa anaweza kuzuia bidhaa zake alizouza kwanza nje ya Ulaya zisiingizwe kuuzwa humo bila ridhaa yake.

Kufuli limehamia kwingine

Kwenye kaunta ya mauzo, ukuta unabomoka. Septemba 2022 Apple ilizindua saa ya Watch Ultra, ambayo kwa programu ya Oceanic+ hufanya kazi ya kompyuta ya mbizi hadi mita 40. Programu hiyo ilitengenezwa na Huish Outdoors, kampuni ya vifaa vya mbizi. Chombo kilichokuwa kikipatikana kwa wakala maalumu sasa kinauzwa na duka la simu.

Ugomvi uliobaki uko kwenye spea. Regulata huhitaji sevisi, kwa kawaida kila mwaka au baada ya mbizi 100 hivi: kubadilisha mipira inayozuia hewa kuvuja na vikalio vya valvu vilivyochakaa. Vipande hivyo ni vidogo, lakini chapa nyingi huviuza kwa mawakala wao tu. Ni sawa na kumuuzia mtu pikipiki kisha kumwambia kwamba breki zake zitafungwa na fundi mmoja mjini. Baadhi ya chapa huahidi spea za bure maisha yote, kwa sharti kwamba mnunuzi wa kwanza alinunua kwa wakala na anapeleka kifaa kwa wakala kila mwaka. Spea ni bure. Kazi ya fundi inalipiwa.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1975 kuhusu waranti inakataza kumfunga mteja kwa spea au huduma ya jina fulani, ila inaruhusu pale kitu hicho kinapotolewa bure. Mwaka 2022 serikali ya huko iliwabana Harley-Davidson na Weber kwa masharti ya aina hiyo. Hakuna kipengele, hata hivyo, kinachomlazimu mtengenezaji wa regulata amuuzie mwenye kifaa mpira wa kubadilisha.

Njia ya kati ipo, na imekwisha kujaribiwa. Chapa ya HOG iliwaruhusu wapiga mbizi waliomaliza kozi ya ufundi wa regulata kununua spea zake na kuhudumia vifaa vyao. Hapo hoja ya usalama imeheshimiwa, kwa kuwa asiyejua kufungua valvu hapewi spea. Na aliyejifunza hazuiwi eti kwa kuwa hana duka.

Hili linatugusa pia katika mwambao wetu. Mpiga mbizi anayefanya kazi Mafia, Pemba au Watamu anaweza kuwa mbali sana na fundi aliyeidhinishwa na chapa yake, na kifaa kikisafirishwa kwa sevisi, siku zake za kazi zinakatika. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mnunuzi aulize maswali matatu: nani ataihudumia regulata hii karibu nami, spea zake zinauzwa kwa nani, na je, nikijifunza ufundi wake nitauziwa? Muuzaji akishindwa kujibu la tatu, punguzo lolote analotoa leo litakuja kulipwa kila mwaka wa sevisi.