Bibi Aliyeongoza Vita ya Kigoda

Wengi wetu tumezoea kusikia kwamba vita na utawala ni kazi ya wanaume. Mwanamke kazi yake jikoni, basi. Lakini historia haisemi hivyo. Leo tuzungumze habari za Bibi Yaa Asantewaa.

Ugomvi ulivyoanza

Waashanti ni watu wa nchi ya Ghana, Afrika Magharibi. Wana Kigoda cha Dhahabu. Kigoda hiki si cha kukaliwa. Hata mfalme hakikalii. Wanaamini kuwa roho ya taifa lao imo ndani yake.

Mwaka 1896 Waingereza walimkamata Mfalme Prempeh, wakamhamisha pamoja na machifu wengine. Tarehe 28 Machi 1900 gavana wao, Frederick Hodgson, aliwaita wakuu wa Waashanti mjini Kumasi. Akawauliza kwa nini hawakumletea kigoda hicho akikalie. Lo! Wazee walinyamaza kimya, wakaondoka.

Inasimuliwa kwamba walipokutana kushauriana, baadhi yao waliogopa. Yaa Asantewaa akasimama. Akawaambia kuwa wanaume wakishindwa kwenda, wanawake watakwenda wenyewe.

Alipata wapi nguvu hiyo?

Bibi huyu hakuota ghafla kama uyoga. Waashanti huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Chifu ana mwenzake mwanamke katika utawala, aitwaye ohemaa. Huyo huwa mama yake, dada yake, au ndugu mwingine wa upande wa mama. Ohemaa ndiye anayependekeza chifu mpya. Chifu akikosea, ana haki ya kumkanya.

Yaa Asantewaa alikuwa ohemaa wa Ejisu. Chifu wa Ejisu alikuwa mjukuu wake, naye alihamishwa pamoja na Prempeh. Basi kazi yote ikabaki mikononi mwa bibi. Alikwisha kuzoea baraza, na watu walikwisha kuzoea kumsikiliza. Ndiyo maana alipoita watu vitani, walikuja.

Vita vyenyewe

Waashanti waliwazingira Waingereza ndani ya ngome yao Kumasi. Walifunga njia kwa maboma ya magogo ili chakula kisiingie. Njaa ikawa kali. Mwezi wa Juni Hodgson akatoroka na baadhi ya watu wake. Lakini Waingereza walileta majeshi mengine yenye mizinga na bombomu, na Waashanti wengi walikuwa na magobore tu. Mwaka 1901 Yaa Asantewaa alikamatwa, akapelekwa visiwa vya Shelisheli. Alifia huko mwaka 1921. Lakini kigoda Waingereza hawakukipata.

Baada ya vita, wakoloni walishirikiana zaidi na machifu wanaume. Maohemaa wakawekwa kando. Yaani kiti ambacho mwanamke alikuwa nacho tangu zamani, mgeni alikipuuza kwa sababu kwao hakikuwapo.

Tunajifunza nini?

Mtu hapewi uongozi siku ya hatari tu. Anayesikilizwa wakati wa vita ni yule aliyekuwa na nafasi ya kusema wakati wa amani. Tukimnyima mama nafasi barazani leo, tusishangae kumkosa kesho.

Maswali ya kuzungumza

1. Ohemaa alikuwa na kazi gani katika utawala?
2. Katika mikutano ya kijijini kwenu, akina mama husema, au hukaa tu na kusikiliza? Kwa nini?