Hesabu ya Tela Linalorudi Nyuma

Katika mji wa Karatu, ambako lami itokayo Makuyuni hupita katikati ya maduka na maghala kabla ya kupanda kuelekea lango la Lodoare la Ngorongoro, semi inayoleta saruji au inayofuata vitunguu vya Mang'ola mara nyingi haina njia ya kuingia uani ila kinyumenyume. Na hapo ndipo dereva mgeni, hata kama amelifikisha tela salama kutoka Arusha, hutokwa na jasho.

Semi ni vyombo viwili vilivyoungwa kwa kiungo kimoja: kichwa, yaani sehemu yenye injini, na tela, ambalo pini yake hukaa katika sahani ya chuma iliyo mgongoni mwa kichwa na kuzunguka humo. Kichwa kinapovuta, tela hujinyoosha lenyewe. Kinaposukuma, kila mpindo mdogo huzaa mpindo mkubwa zaidi. Hesabu yake inaeleweka kwa urahisi: ikiwa magurudumu ya mbele yamenyooka, pembe ndogo kati ya kichwa na tela huongezeka takriban mara 2.7 kila gari linaporudi nyuma umbali ulio sawa na ule wa kutoka kwenye pini hadi ekseli za tela. Umbali huo ukiwa mita 8, pembe ya nyuzi 2, ambayo jicho lisilozoea haliioni, hufikia zaidi kidogo ya nyuzi 5 baada ya mita 8, na karibu nyuzi 15 baada ya mita 16. Ukuaji huo hutegemea umbali, wala hautegemei mwendo, ndiyo maana dereva mzoefu hutambaa: kosa halipungui, ila yeye hupata muda wa kuliwahi. Kwa sababu hiyohiyo tela fupi, ambalo wengi hudhani ni jepesi kurudisha, hukorofisha haraka kuliko refu.

Ugumu wa pili uko mikononi. Usukani ukikatwa kushoto, mgongo wa kichwa huenda kushoto na kuisukuma pini huko, kwa hiyo mkia wa tela hukimbilia kulia. Pembe ikishapatikana, usukani hurudishwa upande wa pili ili kichwa kilifuate tela, la sivyo viwili hivyo hujikunja mpaka kona ya tela igonge kebini ya dereva. Ili kunyoosha, saitimira ambayo ubavu wa tela unazidi kujaa ndani yake ndiyo inayoelekezewa usukani. Kwa kuwa dereva wa Tanzania huketi kulia, kona ya kulia humwonyesha mkia kupitia dirishani, ilhali ya kushoto humwachia utingo kazi ya kuona, naye huamuru kwa sauti au kwa kugonga bodi kwa kiganja.

Masika huongeza lake, kwani udongo mwekundu wa Karatu ukilowa, magurudumu ya mbele huteleza bila kugeuza kichwa, na sahihisho lililokatwa kwa wakati hufika limechelewa.

Mwaka 1989 Derrick Nguyen na Bernard Widrow wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliufanya urudishaji huu kuwa mtihani wa mtandao wa neva bandia, yaani programu inayojifunza kwa kukosea, nayo ilihitaji maelfu ya majaribio ya kuigiza, lori likianzia karibu na jukwaa la kupakilia na kusogezwa mbali kidogokidogo.