Mtoto Mdogo Tumboni: Azaliwe Lini na Wapi?

Mama anarudi kliniki na habari kwamba tumbo halilingani na miezi. Nyumbani bibi anamtuliza: "Afadhali, mtoto mdogo hutoka upesi." Maneno hayo ni ya upendo, lakini yanaweza kuleta msiba.

Kwanza mkunga hurudia hesabu ya siku. Baada ya wiki 24, urefu wa tumbo kwa sentimita, ukipimwa kwa futi kama ya fundi cherehani, hukaribia idadi ya wiki. Ukipungua sentimita 3 au zaidi, mama anahitaji ultrasaundi. Huenda tarehe ya hedhi ilikosewa tu, au wazazi wenyewe ni wadogo wa umbo na mtoto ni mzima.

Lakini huenda kondo la nyuma halifanyi kazi yake. Malaria, ambayo huku Pwani twaifahamu, hujificha humo hata mama asipohisi homa. Presha nayo hupunguza chakula na hewa. Mtoto wa namna hiyo anaishi kwa akiba ndogo. Kila uchungu unapobana, hewa hupungua. Mwenzake mnene huvumilia, yeye huchoka na mapigo ya moyo hushuka.

Je, mama apasuliwe? Si lazima. Udogo peke yake si sababu. Damu ikipita vizuri kwenye kitovu na mtoto akicheza, kwa kawaida madaktari husubiri hadi wiki 37 au zaidi, wakipima mara kwa mara, kisha huweza kuanzisha uchungu. Damu ikipita vibaya, hulinganisha hatari ya kumwacha tumboni na ya kumzaa njiti, na huweza kutoa sindano za kukomaza mapafu.

Basi mama wa Magindu au Maneromango asingoje uchungu umkute kijijini, hasa wakati wa masika. Aulize mapema: huko niendako wanapasua hata usiku? Kuna chumba cha watoto wachanga? Akipewa barua ya kwenda Tumbi au Muhimbili, baba atafute nauli na wachangia damu sasa, na mama akae kwa ndugu aliye karibu. Mtoto akipunguza kucheza, aende siku hiyo hiyo, hata kama tarehe ya kliniki bado.

Akishazaliwa na kukaushwa, awekwe kifuani ngozi kwa ngozi, njia iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, na anyonyeshwe mapema. Baba naye anaweza kumbeba hivyo, mama apate kulala.